Kabla Hujanunua Konsoli ya Zamani, Soma Namba Iliyo Tumboni

Mtu akiniambia anayo Sega na anataka kujua adapta ipi inaifaa, simjibu mpaka aigeuze na kunisomea stika iliyo tumboni. Neno Sega halinitoshi. Hata Mega Drive halinitoshi. Natengeneza mashine za gemu za zamani, na nyingi ya zile zinazonifikia zimeungua hazikuharibiwa na uzee. Ziliharibiwa na jina: mwenyewe aliona majina yanafanana, akachomeka adapta ya mashine nyingine. Inaniuma kila mara, kwa sababu mashine hizi hazitengenezwi tena na kila moja inayokufa imekwenda moja kwa moja.

Basi anza hivi. Zima mashine, chomoa waya zote, toa kaseti au CD, kisha igeuze. Tafuta stika au maandishi yaliyochongwa kwenye plastiki yenye neno MODEL. Baada ya neno hilo utaona herufi na tarakimu, kwa mfano NES-001 au SCPH-1002. Hiyo ndiyo namba tunayoitaka. Ile ndefu inayofuata neno SERIAL ni ya mashine moja tu na haitakusaidia hapa. Nakili kila herufi, kila kistari na kila sifuri, au piga picha.

Hakikisha pia kwamba namba unayosoma ni ya mashine yenyewe. Watengenezaji walitumia mtindo uleule wa namba kwenye vifaa vya pembeni. HVC-002 na NES-002 ni adapta. SCPH-1200 ni pedi ya kuchezea ya DualShock ya PlayStation ya kwanza, na SCPH-1020 ni memori kadi yake. Muuzaji anayekutumia namba kama hizo ameangalia kifaa kilicho karibu na mkono wake. Mwombe kwa upole ageuze mashine.

Sega: mashine moja majina mawili, jina moja adapta mbili

Mega Drive ilitoka Japani mwaka 1988. Ilipofika Amerika Kaskazini mwaka 1989 ikaitwa Genesis, na Ulaya mwaka 1990 ikarudia jina la Mega Drive. Korea Kusini iliuzwa na Samsung kwa majina mengine kabisa. Kwa hiyo ukiona mtu anabishana kwamba Genesis ni bora kuliko Mega Drive, anazungumzia mashine moja. Tofauti iliyopo ni ya eneo: mfumo wa televisheni, umbo la tundu la kaseti na baadhi ya gemu kukataa kuwaka nje ya eneo lake.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili la matoleo. Watu husema "Model 1" na "Model 2", lakini mashine ya kwanza haikuandikwa 1 popote. Walioitengeneza hawakuwa na sababu ya kuihesabu. Ya kwanza utaijua kwa duara kubwa juu, tundu la hedifoni mbele na kitelezi cha sauti kando yake. Namba ya Genesis ya kwanza ni 1601. Ya pili ni ndogo, haina tundu la hedifoni, na ile ya Amerika Kaskazini ni MK-1631.

Sasa shika hapa. Adapta ya toleo la kwanza hutoa volti 9 za DC (umeme unaokwenda upande mmoja), na katikati ya plagi yake ni hasi. Adapta ya toleo la pili hutoa volti 10 za DC, na katikati ya plagi yake ni chanya. Umeme umegeuzwa kabisa. Plagi zenyewe zina maumbo tofauti, na hiyo ni heri, lakini adapta za kisasa zenye vichwa vingi vya kubadilisha zimeondoa ulinzi huo: utapata kichwa kinachoingia, na mashine itapokea umeme kinyumenyume. Waya za picha nazo hazibadilishani. Ya kwanza ina tundu kubwa la duara linalotoa sauti ya mono, na stereo unaipata kwenye hedifoni tu. Ya pili ina tundu dogo linalotoa stereo moja kwa moja.

Ipo na ya tatu, Genesis 3, iliyotolewa na kampuni ya Majesco mwaka 1998. Ni nyepesi na ndogo, na kwa anayetaka kucheza kaseti za kawaida inatosha. Lakini haikubali Sega CD wala 32X, vile vifaa vya kuongezea kwenye Genesis. Anayeuziwa Genesis 3 pamoja na Sega CD "kama seti" anauziwa vitu viwili visivyoongea.

Kuhusu Master System nitasema kwa ufupi: ilianza Japani mwaka 1985 kwa jina la Mark III, ikapewa umbo na jina jipya Amerika Kaskazini mwaka 1986. Kaseti za Mark III haziingii kwenye Master System ya nje. Master System II ilipunguziwa vitu, na tundu la kadi halimo. Ukitaka kucheza gemu zilizotolewa kwenye kadi, tafuta ya kwanza.

Nintendo na ile namba 101

Nintendo ndiyo ninayoipenda kuisoma, kwa sababu herufi zake zina maana. HVC ni Famicom ya Japani ya mwaka 1983. NES ni dada yake wa nje. SHVC ni Super Famicom, na SNS ni Super Nintendo ya Amerika Kaskazini. NUS ni Nintendo 64, DOL ni GameCube. Kwenye mashine za mkononi, DMG ni Game Boy ya kwanza ya mwaka 1989, MGB ni Pocket, CGB ni Color, AGB ni Advance na AGS ni Advance SP. Angalizo moja: DMG huonekana pia kwenye stika za kaseti, hivyo ukisomewa DMG uliza kama ni ya kaseti au ya mashine.

Baada ya herufi, 001 ni umbo la mwanzo. Ukikuta 101, mashine ilisanifiwa upya. Hapa ndipo wanunuzi hujikwaa, maana wanadhani 101 daima ni bora. Nenda mashine kwa mashine.

NES-001 ni lile boksi lenye mlango mbele. Ina matundu ya AV (ya picha na sauti) ubavuni, jekundu na la njano. NES-101 ya mwaka 1993 huingizwa kaseti kwa juu na haisumbui kuwaka kama ile ya mlango, lakini karibu zote zinatoa picha kwa waya wa antena tu. Umepata uimara, umepoteza picha safi. Mwaka huohuo Japani ikapata HVC-101, na hiyo ilikwenda upande wa pili: Famicom ya kwanza ilitoa picha kwa antena tu na pedi zake zilikuwa zimeungwa ndani, na HVC-101 ikaleta tundu la AV na pedi za kuchomoa. Mwaka mmoja, namba moja, mwelekeo kinyume. Mtu akitaka Famicom ya kuchezea kila siku, HVC-101 ndiyo ninayompendekezea bila kusita.

SNS-101 ya mwaka 1997 ni ndogo na nzuri machoni, lakini bila kufunguliwa na kufanyiwa kazi ndani haitoi S-Video wala RGB, zile njia za picha safi zaidi. DOL-101 iliondolewa tundu la dijitali nyuma, kwa hiyo waya wa component wa GameCube, ule wa picha safi, hauna pa kuchomekwa. Kisha njoo kwenye AGS-101, na hapo 101 ni hazina: skrini yake inamulikwa kwa nyuma na inang'aa kuliko ya AGS-001, ambayo taa yake hupiga kwa mbele. Bei hutofautiana sana kati ya hizi mbili, na kwa sababu hiyo AGS-101 ndiyo inayoghushiwa zaidi. Nitairudia.

Kwenye umeme, kumbuka jambo moja hata ukisahau mengine yote: adapta ya NES hutoa volti 9 za AC (umeme unaogeuka upande kila mara, kama wa ukutani), na Famicom inataka DC. Plagi inaingia vizuri kabisa. Famicom itaumia. Kaseti zenyewe hazichanganyiki, ya Famicom ina pini 60 na ya NES 72, lakini adapta haikatazwi na chochote. Na adapta ya Japani imeundwa kwa volti 100 za ukutani. Kwenye umeme wa volti 220 au 240 inaungua bila hata kuunganishwa na mashine.

Sony: hesabu tarakimu

Kwa Sony usisome namba tu, hesabu tarakimu. Baada ya SCPH, tarakimu nne ni PlayStation ya kwanza. Tarakimu tatu ni PS one, ile ndogo nyeupe ya mwaka 2000. Tarakimu tano ni PlayStation 2. Sasa tazama: SCPH-9001 ni PlayStation ya kwanza, SCPH-90001 ni PlayStation 2 nyembamba ya mwisho. SCPH-101 ni PS one ya Amerika Kaskazini, SCPH-1001 ni PlayStation ya mwaka 1995 ya huko huko. Sifuri moja ikiruka kwenye ujumbe, umenunua mashine ya kizazi kingine.

Kwenye PlayStation ya kwanza tarakimu ya mwisho ni eneo: 0 Japani, 1 Amerika Kaskazini, 2 Ulaya, 3 sehemu nyingine za Asia. Zinazotangulia zinaonyesha toleo. Zile za mfululizo wa 1000 zilitoka na matundu ya AV ya rangi nyuma, yakaondolewa baadaye. Mfululizo wa 9000 uliondolewa tundu la parallel, lile la nyuma la kuunganishia vifaa vya ziada.

Kwa PlayStation 2, kuanzia 30000 hadi 50000 ni zile nene zenye nafasi ya diski kuu (hard disk) nyuma. Kuanzia 70000 ni nyembamba na nafasi hiyo haipo. Kuanzia 70000 hadi 79000 zinatumia adapta ya nje ya volti 8.5, na 90000 ina kifaa cha umeme ndani yake. Muuzaji wa 90000 akikwambia adapta imepotea, hajui anachokiuza, au anauza nyingine.

Neno PSX nalo liache. Wengi hulitumia kwa PlayStation ya kwanza, lakini Sony wenyewe walitoa Japani, Desemba 2003, kinasa video cha DVD kinachocheza gemu za PlayStation 2, wakakiita PSX. Namba zake huanza na DESR.

Atari na Odyssey

Atari 2600 ilizaliwa mwaka 1977 kwa jina la Video Computer System. Jina la 2600 lilitokana na namba yake ya bidhaa, CX2600, na likawa rasmi mwaka 1982 ilipotoka 5200. Sears waliiuza kama Tele-Games Video Arcade, na ni mashine ileile. Kosa la kawaida ni kuona 2600, 5200, 7800 na kudhani kila moja inacheza kaseti za iliyotangulia. 7800 inacheza za 2600. 5200 haichezi mpaka uwe na kifaa cha ziada.

Magnavox Odyssey ya mwaka 1972, Odyssey 2000 na Odyssey² ni mashine tatu zisizohusiana kwa kaseti. Odyssey 2000 ina gemu za mpira ndani yake tu. Odyssey² ya mwaka 1978 ina kibodi bapa na inapokea kaseti. Ulaya iliuzwa kama Philips Videopac G7000.

Stika ikiwa haipo, au huiamini

Tazama matundu, maana stika hubandikwa na tundu halibandikwi. Famicom ya kwanza ina maikrofoni kwenye pedi ya pili. GameCube yenye matundu mawili ya picha nyuma ni DOL-001, yenye moja ni DOL-101.

Kwa Advance SP, ganda jipya lenye maandishi AGS-101 linanunulika kirahisi na linavalishwa AGS-001. Washa, kisha bonyeza kitufe cha mwanga kilicho chini ya skrini. Taa ikizimika kabisa, ni AGS-001, chochote kilichoandikwa mgongoni. Ikibadilika kutoka kung'aa sana hadi kung'aa kiasi bila kuzimika, ni AGS-101. Ukinunua kwa mbali, omba video ya kitufe hicho kikibonyezwa.

Na adapta isiyo na stika usiichomeke kwa kubahatisha. Chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye DC, ncha nyekundu ndani ya plagi na nyeusi nje. Ikisoma namba yenye alama ya kutoa, katikati ni hasi. Isiyo na alama hiyo, katikati ni chanya. Adapta za zamani zikipimwa bila mzigo husoma volti kadhaa zaidi ya zilizoandikwa, usishtuke. Ikisoma karibu sifuri, badilisha mita iende AC upime tena. Volti zikitokea huko, umeshika adapta ya AC kama ile ya NES. Iwekee stika yako mwenyewe leo hii, uiandike AC kwa kalamu isiyofutika, na uiweke mbali na Famicom.