Namna ya Kumpatia Panya Mpweke Mwenzake

Panya jike wa kufugwa wa aina ndogo aliyebaki peke yake hahitaji mikono yetu kama anavyohitaji panya mwingine. Sisi tunapolala ndipo yeye anapoamka, na hakuna wa kumsafisha manyoya wala wa kujibana naye kiotani. Hapa Dodoma upweke huo huonekana zaidi Juni na Julai, usiku unapopoa. Jike wangu mmoja, baada ya dada yake kufa, alijikunyata konani siku nne, manyoya yamesimama, akigusa mtama kidogo tu. Kwa kuwa dalili hizo ni za ugonjwa pia, mwonyeshe kwanza daktari wa mifugo.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha jinsia ya wote wawili. Mshike kwenye shina la mkia, umwinue nyuma kidogo huku miguu ya mbele ikikanyaga kiganja chako: nafasi kati ya tundu la mkojo na la haja kubwa ni finyu kwa jike na pana kwa dume. Usikosee hapa, kwa sababu mimba huchukua siku 19 hadi 21 tu, na jike anaweza kushika nyingine ndani ya saa 24 baada ya kuzaa. Madume waliokomaa hupigana hata kuuana; dume asiyehasiwa ni afadhali aishi peke yake, nawe umwongezee muda wako wa jioni.

Hatua ya pili, mtenge mgeni chumba kingine kwa wiki 2, ukisikiliza chafya na pumzi zenye mlio. Asiwe panya aliyenaswa jikoni au shambani. Watandikie vipande vya karatasi laini badala ya maranda yenye vumbi, maana vumbi la kiangazi chetu linawatosha.

Hatua ya tatu ndiyo inayotaka subira. Jioni, waweke pamoja ndani ya beseni kubwa lenye kuta ndefu, ambalo hakuna kati yao aliyewahi kulikojolea, kwa kuwa panya hutambua himaya yake kwa harufu. Nyunyiza mtama na mbegu chache za alizeti. Kukimbizana, kupandana na vilio vifupi ni kawaida. Mkia unaotikiswa kwa kasi ni onyo. Wakikumbatiana na kubingirika wakiumana, watenganishe kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa vidole vitupu.

Wakitulia, wahamishie kwenye kizimba kidogo kilichooshwa, chenye matandiko mapya, chakula na maji tu. Nyumba yenye milango miwili ije baadaye, ili asiwepo wa kuzingirwa ndani. Asubuhi ya tatu nilimkuta mgeni amefumba macho, jike wangu akimsafisha shingo taratibu. Ndipo nilipowarudishia gurudumu lao la kukimbilia.