Kabla upake boti vanishi, anza na ncha za mbao

Kuna mtu ananunua vanishi ya bei, anapaka boti yake pale Dunga, ufuo wa Kisumu, mpaka inang'aa, baada ya miezi mitatu hivi inaanza kutoka magamba kama ya samaki ngege. Saa hiyo analaumu vanishi na ukweli ni alipaka mbao mbichi, maji yakafungiwa ndani na jua la Kisumu unalijua.

So kwanza mbao ikauke. Panga kwa kivuli, weka vijiti katikati hewa ipite, halafu kata kipande kimoja peleka kwa mizani ya duka, andika uzito, rudi baada ya wiki, kama bado unashuka wewe ngoja tu. Mvule inakausha polepole kuliko saiprasi lakini hata mchwa wanaihepa.

Ikishakauka piga msasa, namba 80 halafu 120, pangusa vumbi yote.

Sasa ncha, na hapa ndio watu hulala. Mbao inakunywa maji kwa ncha kuliko ubavuni, pale ilipokatwa kwa msumeno ni kama mirija imeachwa wazi. Changanya vanishi na tapentaini nusu kwa nusu, paka ncha zote na mashimo ya misumari, ikinyonya ongeza, ikinyonya tena ongeza, mpaka ikatae. Ubavuni koti ya kwanza iwe nyepesi pia, halafu nne au tano bila kuchanganya, kila moja ikikauka unapitisha msasa laini. Usipake saa sita jua likiwaka, hewa iliyo ndani ya mbao inapanuka inatoka na mapovu, afadhali jioni joto likishuka, lakini chini ya paa, maana mvua ya huku haipigi hodi.

Hiyo ni ya juu. Sehemu inayokaa ndani ya maji vanishi ya kawaida haiwezi, hapo ni epoksi (ile resini unachanganya na kigandishi chake), na changanya kidogo kidogo maana ikijaa kopo inachemka na kuganda ukiangalia. Ikiwa mahali pa jua ifunike na rangi ama vanishi ya kuzuia jua, la sivyo itachakaa.

Oili chafu ya gari achana nayo tafadhali. Rangi haitashika juu yake na inaishia kwa ziwa lenye tunatoa samaki. Ukitumia mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani), yale matambara usiyakunje ukatupa kwa kona, yanaweza kushika moto yenyewe, loweka kwa maji ama uyaanike yakiwa yamekunjuliwa.

Kwa boti ya mbao zilizounganishwa, katikati unaingiza pamba (watu wa pwani wanaita kalafati) halafu puti ya kuziba juu. Usishindilie sana, mbao ikifika majini inavimba, pamba ikizidi inasukuma misumari. Siku ya kwanza itavuja kidogo, beba kopo utoe maji, ipe siku mbili ijifunge kabla uanze kuongeza pamba.