Kujenga injini kubwa zaidi kwa pesa kidogo: kutoka 4A-FE kwenda 7A-FE

Juzi nilimaliza kumsaidia kijana mmoja kuifungia Corolla yake injini ya 1.8 (7A-FE) mahali pa ile ya 1.6 (4A-FE) iliyokuja nayo. Alikuwa na akiba ndogo na ushauri mwingi wa vijiweni, kwa hiyo kazi yetu kubwa ilikuwa kuamua pesa iende wapi na isiende wapi. Naandika tulivyofanya. Kama gari lako ni la aina nyingine, namba zitabadilika lakini utaratibu ni huuhuu.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kushika spana

Alikuja na wazo la kubori silinda, yaani kuzipanua kwa mashine, na kuweka pistoni za oversaizi. Nikamwambia tukae na kikokotoo kwanza. Chukua kipenyo cha silinda kwa sentimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, zidisha kwa 0.7854, kisha kwa mwendo wa pistoni, kisha kwa idadi ya silinda. Jibu ndilo cc zako.

4A-FE ina kipenyo cha milimita 81 na mwendo wa milimita 77, yaani cc 1,587. Ukiibori nusu milimita unafika cc 1,607. Umelipia pistoni, ringi na kazi ya kukereza ili upate cc 20, ambazo hutazisikia hata kwenye mlima. Ndugu yake 7A-FE ana kipenyo kilekile cha 81, ila mwendo wake ni milimita 85.5, na hapo unapata cc 1,762. Kuzifikia hizo kwa kubori 4A ungehitaji kipenyo cha zaidi ya milimita 85, na ukuta wa silinda utakaobaki sio wa kuaminika.

Kwa hiyo kabla ya kubori, tafuta injini kubwa ya ukoo mmoja na yako. Faida ya ukoo ni kwamba giaboksi na klachi ya zamani vinakubali, na hapo ndipo akiba ilipo. Angalia tu kwamba bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya 7A ni ndefu zaidi kwenda juu, kwa hiyo pima nafasi ya boneti na bomba la moshi mapema, na belti ya taiming nunua ya 7A.

Hatua ya 2: Kuchagua injini ya mtumba

Injini iliyooshwa kwa presha na kupakwa rangi ya fedha mimi siikaribii. Naona heri ile chafu, yenye jasho la oili kwenye kava ya valvu, kwa sababu inaonyesha ilivyoishi. Pima kompresheni ya silinda zote nne, plagi zote zikiwa zimetolewa. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, mimina kijiko cha oili kwenye tundu lake upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kikibaki palepale, tatizo ni valvu au gasketi ya hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda).

Ichukue pamoja na kompyuta yake, sensa zake na nyaya zake. Usikubali kuambiwa vitapatikana baadaye.

Hatua ya 3: Kufungua

Kufungua unajua. Ila kila kofia ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) itie alama ya namba na ya upande, kwa sababu zilikerezwa mahali pake na hazibadilishani.

Hatua ya 4: Kukereza

Silinda zikiwa zimelika, nunua pistoni kwanza, umpelekee fundi wa mashine azipime na abori kufuata pistoni hizo. Usibori kwanza ndipo utafute pistoni. Hedi ikaguliwe kama imepinda na iskimiwe, yaani isawazishwe uso wake kwa mashine, kidogo iwezekanavyo.

Hatua ya 5: Kuosha bloku

Hapa naomba usiwe na haraka.

Injini ya kwanza niliyojenga mwenyewe niliiosha kwa petroli, nikaipuliza kwa kompresa, nikaifunga. Ilinguruma vizuri kwa muda usiofika saa moja, kisha taa ya oili ikaanza kumeta kila injini ilipopunguza mwendo. Niliposhusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kufungua kofia, beringi zote za mein, zile zinazobeba krenki, zilikuwa na mikwaruzo ya duara, kama zimepitishwa kwenye msasa. Krenki ikarudi kukerezwa, beringi mpya zikanunuliwa, na siku tatu za kazi zikarudiwa tangu mwanzo.

Jiwe la kuparuzia silinda huacha chembe ngumu ndani ya mistari yake. Petroli inayeyusha mafuta na kuziacha chembe palepale. Kinachozitoa ni maji ya moto, sabuni ya vyombo na brashi, ukisugua kila silinda mpaka povu litoke jeupe. Halafu kuna njia za oili. Miisho yake imezibwa kwa plagi za chuma, sio zile za cheche, na mimi sikuzifungua. Zifungue zote, hata zile zinazohitaji kupashwa moto, kisha upitishe brashi ndefu nyembamba kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, pamoja na sabuni. Matundu ya krenki nayo ni hivyohivyo.

Kipimo changu ni kitambaa cheupe chenye oili safi. Futa nacho ndani ya silinda. Kikitoka na kivuli cha kijivu, rudi kwenye ndoo. Bloku ya kijana tuliiosha mara tano, na mara ya nne bado kitambaa kilitoka na kijivu hafifu pembeni. Ikishakuwa safi, ikaushe na uipake oili hapohapo, kwa maana chuma kitupu huanza kutu ndani ya dakika chache.

Hatua ya 6: Beringi za krenki

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi la beringi kuhusu nafasi kati ya beringi na shingo la krenki (sehemu inayozunguka ndani ya beringi). Pima. Kama huna maikromita, Plastigage inatosha na ni rahisi kuipata: ni uzi laini unaolazwa juu ya shingo la krenki, ukafunga kofia kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), ukafungua tena na kulinganisha upana wa uzi uliobanwa na mistari ya pakiti. Shingo na beringi viwe vikavu, bila oili. Na krenki isizunguke hata kidogo wakati uzi upo ndani, la sivyo kipimo ni bure.

Kanuni ya mafundi ni milimita 0.001 ya nafasi kwa kila milimita ya kipenyo cha shingo. Shingo la milimita 48 linataka karibu 0.05. Kitabu cha injini yako kikisema tofauti, fuata kitabu. Shingo moja la kijana lilitupa 0.02. Tulifungua, tukakuta nyuma ya beringi kuna unyuzi wa kitambaa, tukafuta, likarudi 0.05. Unyuzi ule hata kwa macho ulikuwa wa kutafuta.

Hatua ya 7: Ringi na hedi

Sukuma kila ringi ndani ya silinda yake kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime mwanya kati ya ncha zake kwa filageji (vibamba vyembamba vya kupimia). Kwa kipenyo cha 81, karibu 0.32 kwa ringi ya juu ni salama kwenye injini isiyo na tabo (kisukumizi cha hewa). Ukibana mno, ncha zitagusana injini ikipata moto na kupasua pistoni. Gasketi ya hedi iwe mpya na bora. Hapo usitafute nafuu.

Hatua ya 8: Kuwasha

Paka pampu ya oili vaselini ndani kabla ya kufunga, ili ivute mara moja. Toa plagi za cheche, zungusha kwa stata hadi taa ya oili izime, ndipo urudishe plagi na uwashe. Usiiache ingurume mahali pamoja muda mrefu. Itoe barabarani, uikanyage kiasi na kuiachia, mara nyingi, bila kuivuta mpaka mwisho, ili ringi zikae.

Baada ya nusu saa ya kwanza mwaga oili na upasue filta kwa msumeno, ukunjue karatasi yake kwenye mwanga. Yetu ilikuwa na vumbi laini la ringi na hakuna kipande kinachong'aa rangi ya beringi. Tukafunga filta mpya, tukajaza oili, na kijana akaondoka na gari lake.