Kuamsha ubongo asubuhi: mwanga kwanza, chai baadaye

Ukishafumbua macho, ubongo bado haujaamka wote. Dakika 15 hadi 60 za mwanzo unaweza kusoma ujumbe mara mbili usiuelewe. Melatonini, homoni ya usiku, bado ipo kwenye damu. Kotisoli, inayoutayarisha mwili kwa kazi, hufika kileleni dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka.

1. Alamu moja, saa ileile, hata Jumapili. Weka simu mbali na kitanda. Zile dakika kumi za kuahirisha hazitoshi kukupumzisha.

2. Toka nje. Hatua hii ndiyo nguzo. Ukikosa muda, acha nyingine zote ubaki nayo. Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna seli zenye melanopsini, kemikali inayohisi mwanga; seli hizo huitikia hasa mwanga wa buluu. Ndizo zinazoiarifu saa ya mwili, iliyo ndani kabisa ya ubongo, kwamba kumekucha. Sebuleni, hata taa ikiwaka, mwanga huwa luksi (kipimo cha mwanga) mia chache tu. Nje, hata kivulini, huwa maelfu. Kaa dakika 10 jua likiwa limetoka, 20 hadi 30 kukiwa na mawingu, bila miwani ya jua. Usilikodolee jua lenyewe macho.

Anayeondoka nyumbani saa 11 alfajiri hupanda daladala gizani, na vioo vyeusi humnyima mwanga hata kukipambazuka. Dawa yake ni kushuka kituo kimoja kabla, amalizie kwa miguu.

3. Maji na mwendo. Kunywa glasi moja au mbili, kisha tembea haraka dakika 10. Joto la mwili na noradrenalini, kemikali inayouchangamsha ubongo, hupanda. Ukiutumia mwendo huo kupata mwanga, umemaliza hatua mbili kwa pamoja.

4. Chai au kahawa. Kafeini iliyomo ndani yake haiongezi nguvu. Inakalia vipokezi vya adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni kadiri unavyokaa macho na kukuletea usingizi. Kafeini ikiisha, adenosini hurudi palepale, ndiyo maana aliyelala kwa muda wa saa nne tu huzidiwa na usingizi mchana hata akinywa birika zima. Ushauri wa kusubiri dakika 90 kabla ya kunywa umeenea sana, ila ushahidi wake ni mdogo. Lililo muhimu zaidi ni kikombe cha mwisho: baada ya takriban saa tano, nusu ya kafeini bado imo mwilini, hivyo ukinywa saa 10 jioni, nusu bado ipo saa 3 usiku. Acha kabla ya saa 8 mchana.

Kikombe cha kahawa kina kama miligramu 90, chai karibu nusu yake. Mtu mzima mwenye afya asizidi 400 kwa siku, mjamzito 200. Mwenye upungufu wa damu aache saa moja kati ya chakula na chai, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma kufyonzwa.

5. Chakula. Maharage au yai pamoja na kiazi hukufikisha mchana vizuri kuliko maandazi na chai ya sukari nyingi.

Fuata hivi wiki mbili, ukilala kwa muda wa saa 7 hadi 9 kila usiku. Uzito wa ubongo asubuhi ukiendelea, au wa nyumbani wakisema unakoroma na pumzi inakatika usingizini, nenda hospitali ukapimwe damu na usingizi.