Datsun 240Z ya zamani inamisi? Anza na petroli, kabureta baadaye

Wenye Datsun 240Z mnaijua hii. Gari ilichukua Safari Rally 1971 na dereva Edgar Herrmann, 1973 ikachukua tena na Shekhar Mehta, lakini yako asubuhi inakohoa kama ina pumu, na kitu cha kwanza unachofanya ni kushika bisibisi uanze kuzungusha kabureta. Acha kwanza. Mimi nilizungusha ya mjomba wiki mbili nzima, kumbe filta imejaa kutu ya tenki, nilipoikung'uta kwenye gazeti ikamwagika laini nyekundu kama unga wa mtama.

Kwa hiyo anzia nyuma uje mbele. Weka mtungi wa kuzimia moto karibu, sigara mbali. Pitia hosi zote kwa vidole, ikiwa ngumu au ina nyufa hata ndogo badilisha, za zamani zinachoka na petroli yenye ethanoli ndo inazimaliza kabisa. Filta badilisha tu, bei yake si kitu. Halafu pampu, ile ya mekanika iliyofungwa kwenye silinda hedi: chomoa waya wa koili (ile inayopeleka umeme kwenye plagi) ili kusiwe na cheche, toa hosi inayoingia kwenye kabureta, iingize kwenye chupa, mwambie mtu apige stata. Petroli itoke kwa kuruka-ruka yenye nguvu. Ikitoka kama mate, au ina mapovu, kuna mahali inavuta hewa au pampu imechoka.

Hapo sasa njoo kwenye kabureta, ni mbili, muundo wa SU, yaani zina pistoni ndani inayopanda na kushuka. Fungua kofia nyeusi juu uangalie oili ya dampa, ile inayotuliza hiyo pistoni, wengi hawajui hata kama ipo!! Ikiisha, ukikanyaga ghafla gari inajikwaa kwanza ndo inaondoka. SAE 20 inatosha. Nati ya chini ya jeti (tundu linalotoa petroli) ipandishe hadi mwisho, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu, hapo ndo pa kuanzia. Kuipandisha kunapunguza petroli, kuishusha kunaongeza.

Washa, acha injini ipate moto vizuri. Chukua kipande cha hosi, upande mmoja sikioni mwingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, kisha ya nyuma, ule mlio wa "shhh" uwe sawa kote, usipolingana cheza na skrubu ya trotoli (mlango wa hewa) mpaka ulingane. Baadaye inua pistoni ya kabureta moja kidogo sana, kama milimita moja. Injini ikipanda kidogo halafu ikarudi, uko sawa. Ikipanda ikabaki juu petroli imezidi, ikitaka kuzima petroli ni kidogo.

Zunguka nayo siku mbili tatu ndo utoe plagi. Kabureta ya mbele inalisha silinda 1 hadi 3, ya nyuma 4 hadi 6, kwa hiyo zipange mezani kwa mpangilio huo huo usizichanganye. Rangi ya kahawia ndo tunayotaka. Tatu za mbele nyeusi masizi (petroli imezidi) na tatu za nyuma nyeupe (petroli kidogo)? Rudi kwenye nati, usiende kununua plagi mpya.

Kitu kingine fundi hakuambii, Nairobi iko juu karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, petroli inazidi hewa. Ukitengenezea Nairobi ukashuka nayo Mombasa inakuwa na njaa ya petroli, ongeza kidogo ukifika. Na kule kwenye joto ukizima dakika kumi ikagoma kuwaka usikimbilie pampu, kabureta za Z zimekaa juu ya ekzosi kabisa, petroli inachemkia mle ndani. Hakikisha lile bati la kuzuia joto chini yake lipo, ya mjomba lilikuwa limetolewa na mtu zamani, eti linapiga kelele.