Kuwapeleka Watoto Dar es Salaam Msimu wa Sikukuu: Namna ya Kupanga Safari Kutoka Tabora

Shule zinapofungwa mwanzoni mwa Desemba, watoto wengi wa hapa Tabora huwa na ombi moja kwa wazazi wao: kupelekwa Dar es Salaam kwenye mabembea makubwa na mabwawa yenye miserereko ya maji, kama yale ya Kunduchi Wet 'n' Wild, au kwenye michezo ya Fun City iliyoko Kigamboni. Ni ombi la haki, na mzazi mwenye uwezo hana sababu ya kulikataa. Shida ni kwamba msimu huohuo ndio ambao mabasi hujaa na foleni za malango hurefuka, na familia inayofika bila mpango hulipa kiingilio kamili kwa ajili ya kusimama juani. Kwa maoni yangu, jambo la kwanza la kupanga si fedha bali ni tarehe na saa. Ukizichagua vizuri, fedha kidogo hutosha. Ukizikosea, hata fedha nyingi hazisaidii.

Sisi wa Tabora tuna sababu ya kulichukua jambo hili kwa uzito kuliko wengine. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el Fitri, watoto wapatao 20 walipoteza maisha mjini hapa katika ukumbi wa muziki uliojazwa kupita uwezo wake. Walikosa hewa katika msongamano, katika sherehe ambayo wazazi wao waliwaruhusu kwenda kwa nia njema kabisa. Tangu hapo, Polisi katika mikoa mbalimbali wamekuwa wakipiga marufuku disko toto sikukuu zinapokaribia, na wanafanya vyema. Kwa hiyo ninapozungumzia msongamano sizungumzii usumbufu wa kusubiri tu. Nazungumzia usalama wa mtoto, na kila ushauri unaofuata unatokana na hapo.

Anza na tarehe. Siku za kukwepa kabisa ni Desemba 25, Desemba 26 na Januari mosi, pamoja na Jumamosi na Jumapili zilizo katikati yake, kwa kuwa ndizo siku ambazo jiji zima huwa mapumzikoni na kila mzazi wa Dar es Salaam huwaza vilevile unavyowaza wewe. Siku nzuri ni za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, kati ya tarehe 8 na 20 Desemba, ukiiacha Desemba 9 ambayo ni Sikukuu ya Uhuru, au siku za kazi zinazoangukia kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Kabla ya kukata tiketi yoyote, piga simu kwenye kiwanja cha michezo unachokusudia uulize mambo manne: siku wanazofunga, saa wanayofungua, kiingilio cha mtoto na mtu mzima katika tarehe hiyo hasa, na kama chakula na maji kutoka nje vinaruhusiwa. Bei za sikukuu na za siku za kawaida zinaweza kutofautiana, na masharti ya mwaka jana si lazima yawe ya mwaka huu.

Baada ya tarehe ya michezo, fikiria mwelekeo wa wasafiri, maana hapa ndipo familia kutoka bara ina nafasi ambayo wengi hawaioni. Kuanzia tarehe 18 hivi hadi mkesha wa Krismasi, watu hutoka Dar es Salaam kwenda mikoani kuwaona wazazi wao. Kuanzia Januari 2, watu haohao hurudi Dar es Salaam. Anayetoka Tabora anaweza kusafiri kinyume cha wimbi hilo. Njia ya kwanza ni kwenda mapema, mathalani tarehe 9 au 10, na kurudi kabla ya tarehe 17. Njia ya pili ni kwenda Dar es Salaam siku ambazo wengine wanatoka, yaani tarehe 22 au 23, kusherehekea Krismasi na ndugu huko, kuwapeleka watoto kwenye michezo siku ya kazi baada ya sikukuu, kisha kurudi Januari 2 au 3 wakati mabasi ya kuja Tabora bado yana nafasi. Usichelewe zaidi ya hapo. Shule zetu za bweni, zikiwemo Tabora Wavulana, Tabora Wasichana na Milambo, hupokea wanafunzi kutoka mikoa mingi, na siku chache kabla ya muhula kuanza masanduku ya chuma hujaa kwenye kila basi linalokuja huku. Mimi napendelea njia ya kwanza kwa familia yenye watoto wadogo, kwa sababu viwanja vyenyewe huwa na nafasi.

Kuhusu usafiri, mkazi wa Tabora ana njia tatu za kawaida. Treni ya Reli ya Kati, iliyofika mjini kwetu mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, bado ndiyo inayowafaa zaidi watoto, kwa kuwa wanaweza kulala, kutembea na kwenda chooni bila kumsihi dereva asimame. Ukipata chumba cha kulala, familia hufunga mlango wake na kupumzika. Lakini Tabora ni njia panda: abiria wa Kigoma, Mwanza na Mpanda wote hupitia hapa, na vyumba vya kulala huisha mapema. Nenda stesheni mwenyewe mwezi Novemba, uliza ratiba ya Desemba, ukate tiketi mara tu zinapoanza kuuzwa. Kumbuka pia kwamba Desemba ni mwezi wa mvua na kwamba kipande cha Kilosa hadi Gulwe kina historia ya kukatwa na mafuriko. Mwishoni mwa mwaka 2009 maji yaliharibu reli huko na safari zikasimama kwa muda mrefu. Anayesafiri kwa treni aache angalau siku mbili kati ya siku ya kufika na siku ya michezo.

Njia ya pili ni basi la moja kwa moja kupitia Manyoni na Dodoma, ambalo hushusha abiria katika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Kata tiketi ofisini mwa kampuni, si kwa mpigadebe, na uhakikishe jina, tarehe, namba ya kiti na nauli vimeandikwa sawasawa. Nauli za mabasi hupangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na anayetozwa zaidi kwa kisingizio cha sikukuu ana haki ya kulalamika. Kila mtoto mwenye uwezo wa kukaa peke yake mkatie kiti chake. Kumpakata mtoto wa miaka sita kutwa nzima humchosha mzazi na mtoto, na basi likifunga breki ghafla mikono yako haitoshi kumzuia.

Njia ya tatu ni basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR, yaani ya reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam Julai 2024 na ambayo hutumia chini ya saa nne kwa safari ambayo basi huimaliza kwa karibu siku nzima. Ilipoanza, nauli ya kawaida ya kipande hicho ilikuwa shilingi 31,000, na watoto wa miaka 4 hadi 12 walipangiwa nusu yake. Tiketi hukatwa kwa mtandao na kulipiwa kwa simu, kwa hiyo mtu wa Tabora hana haja ya kumtuma mtu stesheni. Tahadhari yangu ni moja: usikate treni ya jioni ileile kwa kutumaini kwamba basi la alfajiri kutoka Tabora litafika kwa wakati. Lala Dodoma, uwaoshe watoto, ule chakula cha moto, na asubuhi uende stesheni mapema ukiwa na kitambulisho chako. Mpaka kipande cha SGR cha Makutupora hadi Tabora kitakapokamilika, mpangilio huu ndio ninaouona kuwa bora kwa wenye watoto wadogo.

Fedha zipangwe mapema na zitengwe mafungu matatu: nauli ya kwenda na kurudi, siku ya michezo, na mahitaji ya Januari. Fungu la tatu ndilo la kutenga kwanza, kwa kuwa sare, madaftari na viatu havingoji, na si vyema mtoto aanze muhula akikosa daftari kwa sababu alicheza Desemba. Kwa wakulima wa tumbaku, ambao fedha zao huingia katikati ya mwaka na ambao Desemba huwakuta shambani, ningeshauri waitumie likizo ya Juni badala yake. Mabasi huwa na nafasi, mvua huwa zimeisha, na fedha haijagawanyika.

Mahali mtakapofikia nako kuamue kiwanja cha michezo, si kiwanja kiamue mahali pa kufikia. Dar es Salaam ni kubwa, na kuvuka jiji asubuhi ya siku ya kazi kunaweza kula saa mbili au tatu. Kama ndugu mnaofikia kwao wako Tegeta, Boko au Mbezi Beach, Kunduchi iko karibu. Kama wako Mbagala au Kigamboni kwenyewe, Fun City itawafaa zaidi, na mnaweza kupita Kongowe na Kibada bila kuingia katikati ya jiji. Wanaotoka mjini kwenda Kigamboni huchagua kati ya pantoni ya Magogoni na Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016. Siku zenye watu wengi, ukiwa na watoto, pita darajani hata kama ni mzunguko. Kusukumana kwenye geti la pantoni na mtoto mkononi si jambo la kujaribu. Na ndugu waarifiwe mwezi mzima kabla, waulizwe kama kweli nafasi ipo, na uwachangie matumizi ya siku zote mtakazokaa. Chupa ya asali kutoka nyumbani hupokelewa vizuri, lakini haichukui nafasi ya unga na mkaa.

Siku yenyewe, fikeni langoni nusu saa kabla ya kufunguliwa, watoto wakiwa wamekunywa chai na kula cha kushiba. Saa mbili za mwanzo ndizo zenye thamani kuliko zote, kwa hiyo anzeni na mchezo ambao huwa na foleni ndefu, bembea kubwa au mserereko mrefu, mkaacha vidimbwi vya watoto na michezo midogo kwa baadaye. Michezo mingi mikubwa ina kipimo cha urefu; mpime mtoto nyumbani kwa futi, na yule ambaye hatafikia aambiwe kabla ya safari, asije akalia mbele ya lango. Kuleni kabla ya saa sita mchana au baada ya saa nane, na jua la katikati litumieni kupumzika kivulini. Joto la pwani mwezi Desemba huwa na unyevunyevu ambao miili yetu ya nyanda za juu haijauzoea. Mtoto apewe maji kila baada ya muda mfupi, asisubiriwe hadi aseme ana kiu.

Sasa maji ya kuogelea, ambayo ndiyo hofu yangu kubwa. Watoto wengi wa Tabora hawajui kuogelea, na hawana lawama, kwa kuwa bwawa wanalolijua ni la Igombe na wamekatazwa kulisogelea. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono. Huzama kimya, hata watu wakiwa hatua chache kutoka kwake. Kwa hiyo kila watoto wawili wasiojua kuogelea wawe na mtu mzima mmoja aliye ndani ya maji, umbali wa mkono, simu ikiwa imewekwa mbali. Maboya ya kujaza upepo ni ya kuchezea tu. Kuwepo kwa mwokoaji hakumwondolei mzazi wajibu huu, kwa sababu siku yenye watu wengi macho yake yamegawanyika kwa mamia.

Dhidi ya kupotea, wavalishe watoto fulana za rangi moja kali, wapige picha asubuhi ileile, na uandike namba yako ya simu kwenye mkono wa kila mmoja kwa kalamu isiyofutika kwa maji. Mkiingia tu, chagueni mahali pa kukutana panapoonekana kwa mbali, na mtoto afundishwe kumwendea mfanyakazi mwenye sare, si mtu yeyote tu. Angalia pia milango ya kutokea. Ukumbi wa ndani wenye muziki na mlango mmoja usiwaruhusu kuingia. Ukiona geti limeziba na watu wanasukumana, geuka mapema, ungali na nafasi ya kugeuka. Ukijikuta tayari katikati ya msukumano, mbebe mtoto juu ya kifua chako, kunja mikono mbele ili mapafu yapate nafasi, usishindane na wimbi bali jisogeze kwa mshazari kuelekea pembeni. Watu wanaokufa katika msongamano hufa zaidi kwa kubanwa kifua wakiwa wamesimama kuliko kwa kukanyagwa.

Ondokeni kabla ya saa kumi jioni, hata watoto wakiomba dakika tano zaidi, kwa maana baada ya hapo kila mtu huelekea kwenye lango lilelile na kugombea bajaji zilezile. Mhesabu kila mtoto kabla ya kutoka na tena mkishapanda gari. Safari ya kurudi Tabora isiwe kesho yake alfajiri. Wape siku moja ya kulala na kufua, na siku hiyo uitumie kwenda ofisi ya basi au kuhakiki tiketi ya treni kwenye simu, uthibitishe saa ya kuondoka, kwa kuwa ratiba za msimu huu hubadilika na anayejua mapema bado ana muda wa kutafuta basi jingine.