Jinsi ya kufuatilia Mirihi ukiwa Lamu, uone kilichowasumbua wataalamu

Nduzangu, kaskazi ikivuma anga yetu inakua safi, so anza Januari 2027, saa tano usiku panda darini au nenda ufuoni Shela mbali na taa, tazama mashariki utaiona sayari Mirihi (Mars), nyekundu. Chora nyota zilizoizunguka, rudia kila baada ya siku nne tano hivi mpaka mwezi wa nne. Utaona inarudi nyuma kati ya nyota, alafu inageuka tena, na hilo ndo lililowasumbua wataalamu.

Ptolemy, mtaalamu wa nyota kule Misri, karne ya 2, alisema sayari inazunguka kiduara kidogo kinachobebwa na duara kubwa. Copernicus, mtaalamu wa nyota wa Ulaya, 1543 akaweka jua katikati, kwamba dunia inaipita Mirihi ndo maana inaonekana kurudi, kama jahazi linalopitwa kwenye mashindano. Ila maduara hakuyaacha.

Mi namheshimu zaidi Kepler, mtaalamu aliyekuja baadae, hesabu yake ya njia ya Mirihi iliachana na vipimo vya Tycho Brahe, mpimaji hodari wa anga, kwa dakika 8 tu za digrii, yani robo ya upana wa mwezi mpevu, na bado akakataa kuipuuza, akarudia upya mpaka 1609 akaitoa njia ya duaradufu, yani duara lililorefuka kidogo.

Kila mchoro andika tarehe na saa, bila hizo hautakusaidia.